Pampu au utando wa pili: kipi kitapunguza maji yanayomwagwa na RO ya akwariamu?

Mtambo wa kawaida wa RO (unaosafisha maji kwa kuyasukuma kupitia utando unaozuia chumvi) humwaga takriban lita 4 ili upate lita 1 safi. Kabla hujanunua chochote, pima presha. Utando wa galoni 75 kwa siku unahitaji kama baa 4. Tenki lililoinuliwa mita 5 juu ya bomba linatoa nusu baa tu, na hapo utando wa pili ni kutupa hela.

Kwa nyumba ya tenki, pampu ndiyo yenyewe. Ikifikisha baa 5.5, maji safi yanaongezeka na chumvi inayopenya inapungua, hivyo resini ya DI (chembe zinazonasa chumvi iliyobaki baada ya utando) inadumu. Ila inataka umeme, transfoma na swichi ya presha ndogo. Tenki likikauka na swichi haipo, pampu inazunguka kavu hadi iungue.

Presha ikiwa tayari inatosha, utando wa pili hauli umeme wala hauna kelele. Mpira wa maji ya kumwaga wa utando wa kwanza unaingia kwenye wa pili. Mipira ya maji safi inakutana kwenye kiungo cha T. Kidhibiti kilekile kinachobana maji ya kumwaga, cha karibu mililita 800 kwa dakika, kihamishie mwisho kabisa, baada ya utando wa pili. Kikibaki katikati, utando wa pili unakosa presha na hautoi kitu. Ukipatia, uwiano hushuka hadi karibu 2 kwa 1.

Adui hapa ni chokaa. Maji magumu ya kisima huanza kuuziba ule wa pili, kwa hiyo weka vali ya kusuuzia. TDS (kipimo cha chumvi na madini yaliyoyeyuka) ya maji safi nayo hupanda kidogo.