Dabo besi ya mtumba ya laki sita na nusu, miezi minne nayo hapa Tanga

Naanza na jibu kwa mwenye haraka: besi yenyewe ningeinunua tena hata kesho asubuhi, ila dukani kule nisingerudi bila fundi wa mbao ubavuni.

Mimi napiga gitaa la besi kwenye kikundi chetu cha taarab hapa Makorora, mwaka wa sita huu, na dabo besi nilikuwa sijawahi hata kuigusa. Taarab ya Tanga mnaijua, tangu enzi za vikundi vya Black Star na Lucky Star ni magitaa, besi yetu inapita kwenye waya na spika. Ukivuka kwenda Unguja ndo unaikuta hiyo dabo besi, ile besi ya kusimama, imempita mpigaji kimo, iko nyuma ya mafidla na kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi cha kulazwa mapajani, mtu kaikumbatia anaidonoa kwa vidole, na sauti inatoka kwenye ubao wenyewe, unaisikia tumboni kabla haijafika sikioni. Niliisikia mwaka juzi kwenye harusi ya binamu yangu na tangu siku hiyo sikutulia.

Sasa mwezi wa pili mwaka huu rafiki yangu kanipigia, njoo Ngamiani kuna duka la mtumba wameshusha gitaa kubwa kama mlango. Duka sitalitaja, ni la makochi, friji, baiskeli za Japani, vitu vya kontena. Na kweli ilikuwepo, imeegemezwa ukutani nyuma ya mafriji mawili, vumbi tupu, nyuzi zote zimelegezwa zinaning'inia, na daraja lake, kile kibao kinachosimama katikati kubeba nyuzi, kimewekwa kwenye mfuko wa rambo pembeni. Muuzaji ananiambia dada yangu hii mbao ya mti mmoja kutoka Ujerumani, milioni. Tukavutana wee mpaka laki sita na nusu.

Mbao ya mti mmoja haikuwa. Nilimulika kwa tochi ya simu kwenye yale matundu mawili yaliyochongwa kama herufi f, ukiangalia ukingo wa tundu unaona tabaka tabaka kama keki, hiyo ni plaiwudi. Lakini hapo ndo nataka mnisikilize, maana mtu akisikia plaiwudi anakimbia. Besi ya kuchongwa kwa ubao mzima ina sauti tamu zaidi, sawa, ila ubao mzima unavimba na kusinyaa na hali ya hewa, na ukipasuka kifuani gharama ya kuurudisha inaweza kuzidi bei ya besi yenyewe. Plaiwudi tabaka zake zimepishana nyuzi za mbao, inavumilia. Kwa mtu anayeanza, anayekaa pwani, kwenye joto letu na unyevu wa masika, hakuna cha kuionea aibu. Kilichonikera ni kudanganywa, maana mtu mwingine angelipa ile milioni.

Saizi ilikuwa robo tatu, na msishtuke na jina, robo tatu ndo saizi ya kawaida ya mtu mzima duniani kote, ile nzima kabisa ni wachache wanaoipiga. Uzi kutoka juu shingoni mpaka kwenye daraja nimepima sentimita 105. Gitaa langu la besi ni 86.

Shingo niliikagua pale inapoungana na mwili, hapo ndo pa kuangalia kwanza kabla hata ya rangi, pakiwa na ufa au alama ya gundi iliyomwagika basi ondoka. Yangu ilikuwa safi. Nikagonga kwa kifundo cha kidole kuzunguka ukingo wote kusikiliza kama kuna sehemu imeachia, kimya. Ila nilipoiinua kukawa na kitu kinagongana ndani, koro koro koro. Muuzaji akasema hicho kijiti tu kimevunjika hakina kazi, wewe ukifika nyumbani chomeka daraja kaza nyuzi upige. Nami nikalipa.

Jamani. Kile kijiti ndo roho ya besi. Kinasimama ndani, hakina gundi wala msumari, kimebanwa tu kati ya ubao wa mbele na wa nyuma, karibu na mguu wa daraja upande wa uzi mwembamba wa G. Kinabeba uzito na kinapeleka mtetemo nyuma. Nyuzi nne za chuma zikikazwa zinavuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo mia moja, ukizikaza bila kijiti ubao wa mbele unaweza kuzama au kupasuka. Yani ningemsikiliza yule bwana ningeua besi siku ya kwanza sebuleni kwangu. Nilirudi kesho yake kumweleza kwa upole, siyo kudai hela, nilitaka tu ajue asije akamwambia mwingine hivyo, akanijibu bidhaa ikishatoka dukani imetoka. Kwa hilo namkatia alama zote.

Na ndo kosa langu lilipo pia, usinunue dabo besi iliyolegezwa nyuzi. Mwambie muuzaji ainyanyue, aikaze, isikike, ikae imekazwa hata nusu saa mbele yako. Shingo mbovu ikiwa haijavutwa inaonekana nzima kabisa. Mimi bahati tu.

Kusafirisha ilikuwa kirikuu elfu kumi na tano, imelazwa ubavu juu ya godoro. Ubavu, siyo chali wala kifudifudi.

Sasa fundi. Tanga hatuna fundi wa besi, nilimpelekea mzee mmoja seremala wa vitanda hapo hapo Ngamiani ambaye ujana wake alikuwa hakosi dansi la Atomic na Jamhuri Jazz. Shikamoo babu, marahaba mwanangu, nikamwonyesha picha za jinsi kijiti kinavyokaa, akakaa kimya muda mrefu anaangalia kwenye tundu. Kijiti unakiingiza kupitia lile tundu la f, mkono haupiti, wenzetu wana chuma maalumu kilichopinda kama S. Mzee akachukua spoku ya baiskeli, akaipinda, akanoa ncha, akakichoma kijiti kwa ubavu akakiingiza. Mara ya kwanza kikaanguka, ya pili kikaanguka, sijui ya ngapi kikasimama. Nilipiga vigelegele karakana nzima ikageuka. Halafu akasimamisha daraja, akakaza nyuzi kidogo kidogo siku mbili nzima, leo nusu, kesho asubuhi robo, jioni zilizobaki. Siku nyingine mkihitaji kubadilisha nyuzi badilisheni mmoja mmoja, mkifungua zote kwa pamoja daraja linaanguka na kijiti kinaweza kulala tena.

Kupiga kwenyewe mwanzoni kulikuwa mateso kwa sababu nyuzi zilikaa juu mno, uzi wa E, ule mnene kuliko yote, ulikuwa milimita 16 kutoka kwenye ubao wa vidole pale mwisho wake, vidole vilitoka malengelenge wiki ya kwanza nikadhani ndo dabo besi ilivyo. Siyo. Mzee akashusha vijinafasi vya nyuzi kwenye daraja kwa tupa, taratibu, anachonga tunapima, tukafika milimita 9 kwa E na 6 kwa G. Ikawa chombo kingine kabisa. Ukiona anayeanza ameikatia tamaa dabo besi muulize kwanza nyuzi zake zina urefu gani kwenda juu.

Kwa wapigaji wenzangu wa gitaa la besi, majina ya nyuzi ni yale yale, E A D G, nyimbo zako zote kichwani zipo, ila mkono unaanza upya. Kwenye sauti za chini, shingoni karibu na kichwa cha besi, kidole cha shahada mpaka cha mwisho unapata sauti moja nzima tu, cha pete kinamsaidia mdogo wake kubonyeza, hakifanyi kazi peke yake. Halafu hakuna vile vyuma vya shingoni mwa gitaa vya kukuonyesha mahali, ukikosea kidogo tu watu wanasikia. Mimi kila asubuhi kabla ya kazi naanza na nyuzi tupu dakika kumi, nasikiliza.

Mwezi wa tano mvua ilivyokolea, uzi wa A ukaanza kuvuma kama nzi kwenye chupa. Nikagonga ukingo tena, safari hii huku chini pembeni kumeachia kama kiganja. Wala si ajabu, besi nyingi zimeungwa kwa gundi ya ngozi ya mnyama makusudi ili unyevu na joto vikizidi iachie gundi, mbao isipasuke. Mzee alikuwa ameshashika gundi nyeupe ya vitanda, nikamzuia, ile ikiingia haitoki na siku nyingine kufungua ni kuvunja. Tulitumia gelatini ya kupikia isiyo na sukari, ni kitu kile kile, imelowekwa ikapashwa ndani ya maji ya moto bila kuchemka. Vibano vya kutosha hatukuwa navyo, tukaizungushia tyubu ya baiskeli tukaikaza, ikalala hivyo mpaka kesho. Imeshika mpaka leo.

Hesabu yote: besi 650,000, kirikuu 15,000, fundi 60,000, nyuzi mpya za kuagiza 280,000 manake zile za zamani zilikuwa zimeliwa kutu. Milioni moja na elfu tano. Kwa hiyo mwenye laki sita na nusu mfukoni atafute besi ya chini ya laki tatu, iliyobaki itaondoka tu.

Sauti? E inanguruma safi, G juu kabisa ni nyembamba, imebana, plaiwudi hiyo. Ila Ijumaa iliyopita tulifanya mazoezi umeme ukakatika, magitaa yote yakanyamaza, nikabaki mimi na ngoma ya dumbaki na waimbaji, tukamaliza wimbo mzima gizani na mama mmoja wa jirani akaja mlangoni kuuliza hiyo ni nini.

Kilichobaki ni upinde. Uliokuja nayo nywele zake zimeliwa na wadudu, na ile rozini ya kupaka, ya besi ni laini kuliko ya fidla, niliiacha kwenye mkoba juani ikayeyuka ikagandana na kitambaa. Anayejua mtu wa kuweka nywele za upinde hapa Tanga, Unguja au hata Mombasa aniambie, nauli ipo.