Kurudia namba au kukata anwani?

Una laini mbili za intaneti, na trafiki inayoingia imejazana kwenye moja. Ukitumia BGP (itifaki ya mitandao kuambiana njia), kurudia namba ya mtandao wako (ASN) mara 2 au 3 kwenye tangazo la laini iliyojaa ili njia ionekane ndefu ni bure na hufutika upesi. Ila ni ombi tu: mtoa huduma hutazama kwanza upendeleo wake wa ndani, ndipo apime urefu.

Kukata /22 (kundi la anwani 1,024) kuwa /24 nne (za anwani 256 kila moja) na kutangaza baadhi kwenye laini yenye nafasi kuna nguvu zaidi, maana ruta hufuata kundi dogo, lililo mahususi zaidi. Lakini unanenepesha majedwali ya wenzako (uungwana kidogo, jamani!), na ROA (cheti kinachosema nani atangaze anwani zako, na vipande vidogo kiasi gani) isiporuhusu /24, wanaokagua RPKI (mfumo wa vyeti hivyo) watazitupa. Endelea kutangaza /22 kwenye laini zote mbili. Moja ikikatika, ndiyo akiba.

Mwenye /24 moja hana cha kukata: /25 (nusu yake) huchujwa karibu kila mahali. Arudie namba. Mwenye anwani nyingi na laini inayofurika, akate chache.