Changu wa kupaka mtamu, lakini viatu vya yule binti!

Jumapili tulimpeleka mama mkwe kula kwenye mgahawa mmoja wa ufukweni hapa Dar. Jina silitaji makusudi: yule binti aliyetuhudumia akijulikana, kibarua chake kitaota nyasi.

Chakula wanakijua. Changu wa kupaka shilingi 28,000, tui zito limeingia hadi kwenye mifupa, harufu ya mkaa bado imo. Mama mkwe ni mtu wa Tanga, hasifii ovyo, na alikomba sahani. Juisi ya embe ilikuwa na maji mengi.

Binti wetu alikuwa hodari. Alishika oda ya watu sita kichwani na hakukosea hata moja. Ila alikuwa akichechemea. Akaenda nyuma ya nguzo, akidhani hatumwoni, akachomoa mguu. Kiatu kilikuwa na kisigino chembamba, kirefu kama kidole changu cha kati. Ndani alikunja tishu, na tishu ilikuwa imelowa damu.

“Mwanangu, huna viatu vya chini?”

“Ninavyo mama, viko kwenye begi. Haturuhusiwi.”

Wavulana waliobeba sahani zilezile kwenye vigae vilevile walivaa raba nyeusi.

Wakati wa kulipa nikasoma tangazo la kazi pale kaunta. Wahudumu wa kike: miaka 18 hadi 25, wenye mvuto, walete picha ya mwili mzima. Chini yake, msimamizi wa zamu, mwanaume: uzoefu wa miaka 3. Picha hakuombwa.

Mimi nimebeba trei miaka 9 hotelini Arusha. Nilipojifungua mtoto wa pili nikahamishiwa kufua mashuka, eti mbele panataka sura changa. Tipu zikakatika siku hiyohiyo. Kaka niliyeanza naye kazi akaota kitambi na upara, akapandishwa kuwa meneja. Na wenzangu waliobakizwa mbele kwa uzuri wao hawakupona: wakikosea kidogo wanaambiwa waliajiriwa kwa sura, na kila mlevi anajiona ana haki ya kuwashika kiuno.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza kubagua kwa jinsia na umri, na anayeomba kazi naye analindwa. Mwajiri anaruhusiwa kuchagua kwa mahitaji ya msingi ya kazi yenyewe. Basi kazi ya kuhudumia inataka kumbukumbu, mikono imara na adabu, na yule binti anavyo vyote.

Nilimwita meneja, nikamweleza tangazo na viatu. Akajibu kwamba wateja ndivyo wanavyopenda. Nikamwambia mteja ni mimi, nimelipa 196,000, na sipendi kuletewa chakula na mtu anayevuja damu. Akaahidi kumfikishia bosi, akachukua namba yangu.

Chakula nawapa nyota nne, binti tano. Mgahawa wenyewe nasubiri simu.