Alama za AP: uzitaje au unyamaze?

Mitihani ya AP (Advanced Placement, masomo ya kiwango cha chuo kikuu yanayosomwa sekondari) hufanywa Mei, alama hutoka Julai, kuanzia 1 hadi 5. Ukipata 5 au 4, zijaze kwenye fomu ya maombi ya chuo bila kusita. Ukipata 1, nyamaza. Vyuo vingi vya Marekani havikulazimishi kuitaja, na maksi zako za darasani zitakusemea.

Kazi iko kwenye 3. Mpwa wangu aliipata kwenye kalkulasi, akakaa jioni nzima na simu mkononi, kidole juu ya kitufe, asibonyeze. Nilimwambia, mwanangu, tazama chuo chenyewe. University of California hutoa krediti, yaani hukuhesabia sehemu ya masomo ya chuo kuwa umeshaimaliza, kuanzia 3, na krediti huweza kukupunguzia ada, kwa hiyo huko itaje. Kwenye chuo kinachochukua wachache mno, mimi ningeiacha.

Ila angalia: ukijaza mwenyewe unachagua, lakini ripoti rasmi ya College Board, shirika linaloendesha mitihani hii, hubeba alama zako zote, isipokuwa umeomba mojawapo izuiwe. Kuzuia kunaweza kuondolewa baadaye. Kufuta, tafadhali usikimbilie. Alama ikishafutwa hairudi.