Kukodi kilti Glasgow: nguo safi, duka la ovyo

Mtu anakodisha kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa Uskoti, na dukani kwake hakuna hata futi ya fundi, huyo anafanya biashara gani? Mwenzangu wa kazini, Mskoti, alikuwa anaoa, akataka wanaume wote tuvae kilti. Nikaingia duka moja katikati ya Glasgow, sitalitaja, lenye midoli iliyovalishwa mpaka soksi. Kijana wa kaunta hata kuinuka hakuinuka. "Suruali unavaa saizi gani?" Nikamtajia. Akaandika. Basi, vipimo vimekwisha!

Jamani, kilti haikai pale suruali inapokaa. Inapanda juu, usawa wa kitovu, na pindo linakomea katikati ya goti. Anayejua kazi anazungusha futi kitovuni, kisha anapima urefu hadi gotini. Mimi mtoto wa Tanga nalijua hilo, yeye aliyezaliwa nazo halijui? Nilipomuuliza mbona hapimi, alinitazama juu mpaka chini, akasema mimi si Mskoti, nani ataangalia. Ndivyo alivyosema! Tena akanidokezea kwamba tartani nyingine, yaani ile mirabaraba ya rangi ya kitambaa, ni za watu wenye koo zao. Uongo mtupu. Hakuna sheria inayokukataza tartani eti kwa kuwa huna ukoo, na Black Watch, tartani ile ya buluu na kijani iliyokoza, huvaliwa na yeyote.

Nguo wakanipa harusi ikiwa kesho, imefungwa kwenye mfuko, pa kujaribia hakuna. Asubuhi naivaa, mikanda ya pembeni imefika tundu la mwisho na bado inapwaya. Ikateleza mpaka nyongani, magoti yakafunikwa yote, nikawa kama mwanafunzi aliyerithi sketi ya dada yake. Ule mkoba wa ngozi wa mbele ukawa unanigonga mapajani kila hatua. Kibaya zaidi ni pini ya pambo la mbele: waliipitisha tabaka zote mbili za mbele! Pini ni ya tabaka la juu peke yake. Ukizibana pamoja, kila ukitanua hatua kitambaa kinavutwa, na kweli kilishaanza kutoboka kabla sijafika kanisani.

Mjomba wa bwana harusi ndiye aliyeniokoa. Alinivuta pembeni, nikajua leo nachekwa. Wala. Akachomoa pini, akaipandisha kilti mahali pake na kuikaza kwa pini za usalama alizomwomba mkewe, marinda yote nyuma, mbele pamelala bapa. Soksi akazishusha vidole vitatu chini ya goti. Kile kisu kidogo cha vazi, kinachochomekwa soksini, akakihamishia soksi ya kulia, maana natumia mkono wa kulia. Kamba za viatu (viatu vyenyewe havina ulimi) akazizungusha kifundoni. Mkanda mpana wa duka akauvua kabisa: umevaa kizibao, mkanda wa nini tena? Huku anafunga, ananisimulia sheria ya 1746 iliyowapiga marufuku wanaume kuvaa mavazi haya, isipokuwa wanajeshi, hadi ilipofutwa 1782. Mzee wa watu, bila malipo, kafanya kazi yote ya duka.

Usiku kwenye ngoma nilisahau hasira. Sufu nzito ile, ukizunguka marinda yanafunguka na kurudi yenyewe mahali pake, raha tupu. Na lile swali ambalo najua mnalo, ndani ya kilti mtu anavaa nini: ya kukodi vaeni chupi, ndugu zangu. Wamevaa wangapi kabla yenu?

Kwa hiyo nilikuwa nimeshawasamehe. Nguo nzuri, nilitaka kuwapa nyota tatu na kumsahau yule kijana. Siku ya kurudisha, kijana yuleyule akaikunjua, akaona kitundu cha pini, akakata amana yangu. Kitundu cha pini waliyoipachika wao! Nikamwambia, akasema wateja wote husema hivyo. Wateja wote! Maana yake mnawatoboa wote?

Nyota moja, na hiyo ni ya kitambaa. Kilti sijaiacha ila, nitavaa tena, nikipata ya kwangu. Mlioko Glasgow au Edinburgh, mwenye ya mtumba anayeuza aniandikie. Kitovuni ni inchi 38, nimejipima mwenyewe.