Kipanya au vitufe: kipi kinakuwahisha?

Mteja kaingia steshenari na flashi, anataka aya moja ihamishwe kwenye barua nyingine. Kwa kipanya, unaburuta kuchagua maneno, unabofya kulia, unatafuta "nakili" kwenye orodha, unahamia dirisha la pili, unabofya kulia tena. Kwa vitufe, ukishachagua ni Ctrl+C (nakili), Alt+Tab (hamia dirisha la pili), Ctrl+V (bandika). Mkono wa kushoto pekee unatosha, na mteja bado anatafuta chenji mfukoni.

Kipanya hakikulazimishi kukariri kitu, na kwenye kupanga picha sioni cha kukishinda. Ila kwenye laptop ambayo padi yake imechoka, kuburuta mstari mmoja tu ni adhabu.

Kero moja iko pande zote mbili: ukinakili kitu cha pili, cha kwanza kinapotea. Hapo vitufe vina dawa. Kwenye Windows 10 na 11, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na V, washa historia, na vitu hadi 25 utakavyonakili baada ya hapo vitakusubiri. (Wa Mac, Ctrl yenu ni Command.)

Anayeanza leo ningemfundisha kwanza Ctrl+Z. Akifuta ukurasa mzima kwa bahati mbaya, anaurudisha bila kumwita mtu.