Gitaa la toleo maalum: hizo Sh87,000 za juu ni za nini?

Mpwa wangu anayefanya kazi Nairobi ameniletea Kisumu gitaa la umeme lenye tumbo wazi, toleo maalum la vipande 500 dunia nzima. "Mjomba, lipige na bendi, halafu uniambie kama nimeibiwa." Alilipa Sh185,000. Pale pale dukani, gitaa la kawaida la kampuni hiyo hiyo, la umbo lile lile, lilikuwa limetundikwa kwa Sh98,000. Kwa hiyo sikuhangaika sana na swali la kama gitaa ni zuri. Nilitaka kujua hiyo tofauti ya Sh87,000 imekwenda wapi, na nimeitafuta kwa masikio, kwa vidole na kwa tochi.

Jina la kampuni naliweka kando, maana mambo haya yako kwa wengi wanaorudisha sokoni magitaa ya miaka ya sitini.

Ukoo wenyewe unajulikana. Kampuni ya magitaa ya Gibson walitoa gitaa la ES-330 mwaka 1959. Epiphone, ambao Gibson walikuwa wamewanunua mwaka 1957, wakatoa Casino mwaka 1961. Yote mawili ni wazi ndani kabisa, hayana lile gogo la katikati ambalo ES-335 ya 1958 inalo. Paul McCartney wa bendi ya Beatles alinunua Casino yake mwaka 1964, wenzake John Lennon na George Harrison wakamfuata, na kuanzia hapo gitaa likawa na jina.

Jina ndilo linalouzwa. Mwaka 1999 Epiphone walitoa matoleo mawili ya Casino ya Lennon, kila moja vipande 1,965. Kwa nini 1,965? Mbao hazikuwa zimeisha, wala mafundi hawakuwa wamestaafu. Gitaa lake lilikuwa la mwaka 1965, basi mwaka ukageuzwa idadi. Kwa hiyo muuzaji akikuambia "zimebaki chache", kumbuka kwamba uchache huo uliamuliwa ofisini kabla mti haujakatwa. Hata hili la mpwa wangu, nani alihesabu mpaka 500 akasema basi, mbao zimekwisha?

Haya, gitaa lenyewe. Mwili ni plaiwudi, na usikunje uso: hata yale ya 1959 yalikuwa plaiwudi. Kwa mji kama wetu, ambapo asubuhi kuna unyevu wa ziwa na mchana jua kali, plaiwudi inavumilia kuliko ubao mmoja mzima. Viungo vya nje vimebana vizuri. Ukanda mweupe wa pembeni umekwanguliwa kwa uangalifu, rangi haijavuka mpaka hata mahali pamoja, na shingo imekaa sawasawa na mwili. Nililipima kwa kunyoosha macho toka kichwani mpaka darajani, halafu kwa rula ya chuma. Halina kosa.

Ndani sasa. Mulika tochi kwenye tundu la f (yale matundu ya usoni yenye umbo la herufi f) la upande wa besi utaona karatasi ya namba imebandikwa kombo, na pembeni yake matone ya gundi yaliyokauka ambayo hakuna aliyejisumbua kuyafuta. Hayaharibu sauti. Lakini kwa laki moja na themanini na tano, mtu angepitisha kitambaa.

Kasoro iliyonikera zaidi ni ndogo kuliko ukucha. Kile kipande cha kichwani ambacho nyuzi zinapitia ni plastiki, na mfereji wa uzi wa tatu umechongwa mwembamba mno. Ukikaza ufunguo, uzi unang'ang'ania, kisha unaruka, tiing! na tayari umepita noti uliyoitaka. Katikati ya wimbo ukivuta huo uzi, unarudi ukiwa umelegea kidogo. Niliusugulia ncha ya penseli mferejini, ukatulia kwa muda. Dawa kamili ni kipande cha mfupa, kazi ya jioni moja kwa fundi anayejua. Gitaa la kawaida lina plastiki hiyo hiyo. Yaani pale ambapo mpigaji anahisi tofauti kila siku, hawakuongeza hata senti.

Volyumu nayo ilianza kukwaruza, kraa kraa, kila ukiigusa. Kwenye gitaa la mbao nzima, lisilo wazi ndani, ungefungua mfuniko wa nyuma. Hili halina mfuniko. Kila kitu kinatolewa na kurudishwa kupitia tundu la f. Fundi wangu wa redio karibu na soko la Kibuye aliligeuzageuza, akacheka: "Jaduong' (yaani mzee), huyu unamfanyia upasuaji kupitia puani!" Alifunga mshipi wa kuvulia samaki kwenye kila kishina cha volyumu, kile kifaa kilicho chini ya kitufe unachozungusha, kabla ya kukisukuma ndani, ili baadaye avute mshipi na kishina kirudi kwenye tundu lake. Alipokitoa tukaona ni kile kidogo cha bei rahisi, kinachojaa vumbi upesi. Akaweka kikubwa. Ukinunua gitaa la aina hii, hesabu na gharama ya subira ya fundi.

Pikapu, yaani vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, hapo ndipo pesa imeonekana. Ni mbili za aina ya P-90, na zimesukwa vizuri kuliko zile za gitaa la kawaida, ambalo nililipiga pale dukani siku nilipokwenda na kijana. Sauti inatoka na hewa ndani yake, nyuzi nyembamba zinalia bila kukata masikio. Zinavuma, ndiyo, hasa ukikaa karibu na taa za mirija, lakini ukifungua zote mbili kwa pamoja mvumo unapotea, kwa sababu moja imesukwa kinyume cha mwenzake.

Tulilipeleka kazini kwenye hoteli tunayopiga Jumamosi. Kwa rumba, kwenye ridhimu, ni tamu kweli kweli. Mzee wetu wa besi aligeuka kuniangalia, na huyo hageuki ovyo. Tulipoingia benga, mambo yakabadilika. Solo ya benga inapanda juu kabisa ya shingo, huko ndiko watu wanakoinuka vitini. Shingo hii inaungana na mwili kwenye freti (kile chuma cha kupita shingoni) ya 16, kama Casino za zamani, na ukivuka hapo kiganja kinagonga tumbo la gitaa. Vidole vinafika, ila kwa kuomba ruhusa. Kisha tukaongeza sauti, tumbo likaanza kupiga mluzi kila nilipogusa noti ya G ya chini. Nikajaza sponji kwenye matundu ya f, nikasogea pembeni ya amplifaya, likanyamaza. Kijana wa solo akarudia gitaa lake la mbao nzima na wala sikumlaumu.

Jambo moja kuhusu rangi. Ni ya nitro, laka ya aina ya zamani, nyembamba, inazeeka vizuri, lakini mpira wa stendi huila. Stendi za pale hotelini zote zina mpira, kwa hiyo nimezivisha kipande cha leso.

Nikirudi kwenye hesabu: pikapu naziwekea Sh20,000, kasha gumu lenye bitana ya zambarau Sh15,000, rangi ya nitro na jasho lake Sh10,000. Jumla Sh45,000. Zinabaki Sh42,000, na kwa hizo amepewa cheti kwenye bahasha na namba 212 iliyobandikwa kombo.

Nimemwambia kijana hivi: kama ni la kupiga ridhimu na kurekodi, abaki nalo, aweke mfupa kichwani. Kama anangoja bei ipande auze, atangoja sana, maana kampuni hiyo hiyo inaweza kutoa vipande 500 vingine vya rangi tofauti mwakani na hakuna wa kuizuia. Na kwako unayefikiria kwenda pale dukani, anza kwa laki moja na ishirini na kasha ndani yake. Wakifika laki na thelathini, lipa. Wakikataa, chukua la ukutani kwa Sh98,000, nunua pikapu mbili nzuri na volyumu kubwa, halafu mtafute fundi mwenye mshipi wa samaki.